KWA NINI FREMU YA KIFARANSA INAKATAA SPEA ZA KISASA? HISTORIA NZIMA IKO HAPA

Leo tunawaacha mastaa wapumzike kidogo, tunaongelea chuma. Chuma cha ukweli, baiskeli.

Kuna washkaji wawili kitaani kwetu, siwataji majina maana wenyewe wanajijua, na mmoja wao akiona jina lake humu atanisusia mwaka mzima. Walinunua fremu za zamani siku moja, kwenye kontena moja la mtumba kutoka Ulaya. Zile baiskeli za mbio, usukani umejikunja kama pembe za kondoo, mabomba membamba, matairi kama uzi. Mmoja akaondoka na Raleigh ya Mwingereza, mwenzake akaondoka na Peugeot ya Mfaransa. Bei karibu sawa, kutu karibu sawa, mpango uleule: kuvua makorokoro ya zamani, kufunga gia za kisasa zile unazobadilishia palepale kwenye mpini wa breki, halafu kwenda nayo kazini na kuachana na kugombania daladala asubuhi.

Raleigh ilimalizika wikiendi mbili. Peugeot ilikaa miezi minne inaning'inia kwenye msumari kwa fundi kama paja la ng'ombe buchani.

Kijiweni maneno yakaanza. Mara kaibiwa, mara fremu imepinda, mara ndiyo madhara ya kupenda vitu vya kizungu usivyovijua. Fundi mwenyewe, mzee wa watu ambaye amefunga baiskeli tangu sisi hatujazaliwa, akamwambia, "Mwanangu, hii ipeleke kwenye mzani." Yaani aiuze kwa kilo kama chuma chakavu. Na jamaa alikuwa ameshaweka humo akiba yake yote, gia mpya ameshanunua, ziko kwenye boksi chini ya kitanda. Na duka halirudishi hela.

Mimi huwa sipendi kubishana bila kusoma, nikaanza kufuatilia. Nilichokuta ni kwamba fremu ya jamaa ni nzima kabisa, tena wajuzi wengine wangeiweka juu ya ile ya mwenzake. Ila imetoka upande ulioshindwa vita. Si vita vya risasi, ingawa viwanda vya bunduki vimo humu ndani, tulia utaona.

Tuanze na bomba lenyewe.

Birmingham, Uingereza, kulikuwa na familia ya Reynolds wanatengeneza misumari. Misumari tu, tangu 1841. Baiskeli zilipoanza kuwa dili kubwa mwishoni mwa karne ile, wakakutana na tatizo ambalo kila anayechomelea geti analijua: bomba jembamba ukiliunganisha kwa moto linadhoofika pale kwenye kiungo. Ukiweka bomba nene linavumilia, lakini baiskeli inakuwa nzito kama kitanda cha chuma. Mwaka 1897 Alfred Reynolds na mwenzake wakapata hataza ya bomba ambalo kwa nje linaonekana sawa mwanzo mwisho, ila kwa ndani ni nene kwenye ncha na jembamba katikati. Kwenye ncha ndiko moto unakopita, ndiko nguvu inakohitajika. Katikati unapunguza uzito. Wazo dogo hivyo, na mpaka leo fremu nzuri za chuma zinatumia.

Mwaka 1935 kampuni hiyohiyo ikatoa bomba la Reynolds 531, chuma kilichochanganywa na manganizi na molibdeni. Ukiona stika ya 531 kwenye fremu kuukuu, simama uangalie vizuri. Mabomba ya Reynolds yalitumika kushikilia injini za ndege za Spitfire kwenye Vita vya Pili vya Dunia, na baadaye fremu ya mbele ya gari la Jaguar E-Type ikatengenezwa kwa 531. Waitaliano nao walikuwa na bomba lao, Columbus la Milano, kampuni iliyoanzishwa 1919. Kwa miaka mingi mbio kubwa za Ulaya zilikuwa ni 531 dhidi ya Columbus, na chuma kiliendelea kutawala mpaka miaka ya 1990, alumini na kaboni zilipokuja kukipindua.

Sasa hizi fremu zote mbili za washkaji wetu zina stika ya 531. Ndiyo, hata ile ya Mfaransa. Ni Peugeot PX-10, baiskeli ambayo kiwanda kiliitengeneza kwa ajili ya timu yake ya mbio. Wengi hapa tunaijua Peugeot kwa gari, hasa 504 iliyochukua Safari Rally 1975 na 1978, lakini baiskeli walianza kabla ya gari, mwaka 1882. Na kabla ya baiskeli walitengeneza misumeno na mashine za kusagia kahawa. Eddy Merckx, ambaye wazungu wengi wanamuona ndiye mwendesha baiskeli bora kuwahi kutokea, alikuwa kwenye timu ya Peugeot alipochukua Milano–San Remo 1966 na 1967. Bernard Thévenet akachukua Tour de France mbili kwa jezi ya Peugeot, 1975 na 1977. Kwa hiyo anayesema jamaa kaokota takataka, aanzie hapo.

Shida ni kwamba Mfaransa alinunua bomba la Mwingereza halafu akaligoma kwa vipimo. Alitaka milimita kamili. Bomba la kiti la Kiingereza lina kipenyo cha milimita 28.6, yaani inchi moja na sehemu moja ya nane ukigeuza. La Kifaransa ni 28 kamili. Tofauti ya nusu milimita, jicho halioni. Lakini bomba linaloshika siti, kibano cha gia za mbele, shingo ya usukani, vyote vinafuata hiyo nusu milimita, na kimoja baada ya kingine vinakataa kuingia.

VIWANDA VYA BUNDUKI

Hapa ndipo nilipopapenda zaidi.

Kutengeneza baiskeli kunahitaji watu wanaojua kutoboa chuma kwa usahihi na kukata thredi, yale meno ya kufungia nati na skrubu. Karne ya 19 watu hao walikuwa wapi? Kwenye viwanda vya silaha. Birmingham kulikuwa na BSA, kifupi cha Birmingham Small Arms, walioanza 1861 na bunduki. Bunduki zikipungua soko, mashine zilezile zinakata vyuma vya baiskeli. Mpaka leo thredi ya Kiingereza ya pale chini krenki inapofungwa inaitwa BSA. Ufaransa, mji wa Saint-Étienne, ni habari ileile: bunduki na baiskeli kwenye mji mmoja, hadi kampuni moja, Manufrance, ikiviuza vyote kwenye katalogi moja. Na Japani kuna mji wa Sakai, pembeni ya Osaka, uliojulikana karne nyingi kwa wahunzi wa visu na bunduki. Huko Sakai ndiko mwaka 1921 Shozaburo Shimano alipofungua karakana ya kutengeneza fliwili. Shimano huyohuyo ambaye jina lake liko kwenye gia zilizokuwa chini ya kitanda cha jamaa.

Kila mji ulikata thredi yake. Hakuna aliyemuuliza mwenzake, kwani nani alijua kuna siku kijana wa Dar atachukua fremu ya huku na spea ya kule?

Tuangalie shimo la krenki, maana hapo ndipo fundi alipokwama. Mwingereza: kipenyo inchi 1.37, ambayo ni kama milimita 34.8, na kila inchi ina meno 24. Mfaransa: milimita 35, na kila jino ni milimita moja kamili. Muitaliano: milimita 36. Halafu kuna Mswisi, ambaye ana vipimo vya Mfaransa lakini upande mmoja anafungua kinyume. Na Raleigh nayo, kwenye zile baiskeli zake za kawaida, zile nyeusi nzito babu zetu walizopandia kwenda shamba enzi za ukoloni, ilikuwa na thredi yake peke yake, meno 26 kwa inchi. Mshkaji wa Raleigh ana bahati tu kwamba yake ni ya mbio na ilikatwa meno 24. Angechukua ile nyeusi, naye angening'inia ukutani.

Fundi alichukua kikombe kipya cha kisasa, ambacho siku hizi karibu kila duka linauza cha Kiingereza. Upande wa kushoto kikaingia mizunguko miwili mitatu vizuri, halafu kikakaza. Akaongeza nguvu, kikakataa. Upande wa kulia hakikushika hata jino moja. Akahitimisha kwamba thredi za fremu zimekufa.

Hazijafa. 34.8 inaingia kwenye 35 bila shida. Lakini meno 24 kwa inchi maana yake kila jino ni kama milimita 1.06, na fremu ina jino la milimita 1. Mizunguko miwili ya kwanza tofauti haionekani, ikifika ya nne meno yanapandana. Na kulia? Mwingereza hufunga kulia kwa thredi ya kinyume, unakaza kwa kuzungushia kushoto. Mfaransa hufunga pande zote kwa thredi ya kawaida. Kwa hiyo fundi alikuwa anazungusha upande unaofungua!

Hiyo ya kinyume si ukaidi wa Mwingereza, ina akili yake. Unapokanyaga pedeli, ekseli inazunguka mbele, lakini shinikizo lake linatambaa kwenye kuta za kikombe kwa upande wa pili, na taratibu linakizungusha kikombe. Kikombe cha kulia chenye thredi ya kawaida kinaelekea kujifungua chenyewe barabarani. Mfaransa na Muitaliano walilijua hilo, wakawa wanategemea kukaza kwa nguvu na kuomba Mungu. Kwenye hili mimi niko na Mwingereza, sina cha kuficha.

Dawa ya jamaa ilipatikana kwenye ndoo. Kuna vikombe maalumu vya siku hizi vinavyojibana bila kutumia thredi, lakini kuviagiza nje ni hela na muda. Tukamuuliza fundi vile vikombe vya zamani alivyovitoa viko wapi. Alivitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu, na muuza chuma alikuwa hajapita. Tukaimwaga ndoo chini, tukachambua kama mchele. Tukavipata vyote viwili na ekseli yake, na kimoja kimegongwa muhuri mdogo: 35 x 1. Miezi minne jibu lilikuwa limeandikwa pale kwenye ndoo. Vikasafishwa kwa petroli, gololi mpya, grisi mpya, krenki ya kisasa ya ekseli ya pembe nne ikakaa juu yake. Ndiyo maana nasema ukivua baiskeli kuukuu usitupe hata nati moja mpaka siku ya kuiendesha.

NANI ALISHINDA

Mwenye gia ndiye aliyeshinda. Lakini gia zenyewe zilikuja kwa tabu kuliko unavyodhani.

Mwanzilishi wa Tour de France, Henri Desgrange, hakutaka kabisa vibadili gia kwenye mashindano yake. Kwake ule ulikuwa ulegevu. Waendeshaji walikuwa na meno mawili ya nyuma, moja kila upande wa tairi, wakifika mlimani wanashuka, wanatoa tairi, wanaligeuza, wanafunga, wanaendelea. Vibadili gia viliruhusiwa 1937, baada ya yeye kuachia usukani. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Kule kutoa tairi ndiko kulikomtoa Tullio Campagnolo wa Italia, ambaye mwaka 1930 alipata hataza ya ekseli inayofunguka kwa mkono kwa kuzungusha kijiti, bila spana. Bado tunayo hadi leo. Baada ya vita ya pili Campagnolo akatoka na kibadili gia chake, na tundu kinapofungwa kwenye fremu, la milimita 10, likaja kuwa kipimo cha dunia. Wafaransa walikuwa na Simplex na Huret, na Simplex tangu miaka ya 1960 wakaanza kutengeneza vibadili gia vya plastiki. Vyepesi, vizuri kwa macho, vinapasuka. Cha jamaa kilikuja kimeshapasuka.

Wajapani walikuja kimyakimya. SunTour mwaka 1964 walibuni kibadili gia kinachotembea kimshazari, kinafuata mteremko wa meno ya nyuma badala ya kwenda kulia kushoto tu. Hakuna aliyewasikiliza sana Ulaya. Hataza ikaisha 1984, na mwaka huohuo Shimano wakatoa Dura-Ace mpya yenye mshazari ule pamoja na gia zinazobofya: bofya moja, gia moja. Kabla ya hapo ulikuwa unatafuta gia kwa sikio kama unatafuta stesheni ya redio. Mwaka 1990 wakazihamishia kwenye mpini wa breki. Mchezo ukaishia hapo. Campagnolo alijibu 1992 na bado yupo, SunTour akaanguka, Simplex na Huret ni majina ya kwenye makumbusho.

Wajapani walipokuwa wanatengeneza baiskeli za kuuza Marekani walitumia thredi ya Mwingereza, na walipotawala soko thredi hiyo ikatawala nayo. Lakini usidhani Mwingereza alichukua kila kitu. Kwenye tairi alipigwa. Raleigh ya mshkaji ilikuja na tairi za inchi 27, na ringi yake ni milimita 630. Ringi ya leo ni 700C, kipimo cha Kifaransa, milimita 622. Ukiweka ringi mpya kwenye fremu ile, breki zinagusa milimita 4 juu ya ringi, yaani zinakula tairi. Ikabidi anunue breki za mikono mirefu. Peugeot haikuwa na tatizo hilo hata kidogo, ilizaliwa na ukubwa huo. Siku hiyo jamaa alicheka mpaka akakaa chini.

Kwa hiyo baiskeli mpya iliyopo dukani leo ina tairi ya Mfaransa, thredi ya Mwingereza, tundu la gia la Muitaliano na gia za Mjapani.

KUPANUA CHUMA

Kilichobaki ni upana wa nyuma. Peugeot ilitengenezwa kwa meno matano, nafasi ya milimita 120 kati ya zile panda mbili zinazoshika tairi la nyuma. Walipokuja meno sita na saba ikawa 126, na kuanzia nane ikawa 130. Habu mpya ya jamaa ni 130. Raleigh ilikuwa 126, ukivuta kidogo kwa mkono tairi linaingia, ila kila ukipata pancha unapigana nalo. Peugeot, milimita 10 pungufu, hata kuvuta haisaidii.

Fremu ya kaboni hapo ndiyo mwisho wake, itapasuka. Alumini nayo usijaribu. Chuma unaweza kukipinda kikabaki pale ulipokipeleka, na hii ndiyo siri ya fremu kuukuu kukubali maisha mapya. Mmarekani mmoja, Sheldon Brown, fundi wa Massachusetts aliyefariki 2008, aliandika namna ya kufanya kwa kipande cha ubao tu, na maelezo yake bado yanasomwa dunia nzima. Nilipomsomea fundi wetu akaniangalia tu. "Hii mimi nafanya kila wiki," akasema. Kumbe kunyoosha baiskeli zilizogongwa na bodaboda ni kazi hiyohiyo. Nilimwambia, "Shikamoo mzee," akacheka.

Alipanua kidogo kidogo, milimita 5 kila upande, anapima, anarudia. Kisha uzi: unafunga uzi kwenye panda moja ya nyuma, unauzungusha mbele kwenye kichwa cha fremu, unaurudisha kwenye panda ya pili, halafu unapima umbali kutoka kwenye uzi hadi bomba la siti, kushoto na kulia. Zikilingana, fremu imekaa katikati. Zisipolingana, tairi la nyuma litafuata njia yake na la mbele njia yake. Na zile panda lazima zitazamane sawasawa, la sivyo gia za kubofya zitaruka zenyewe.

Mengine nayapitia haraka. Tundu la kibadili gia halikuwa na thredi, karakana ya kuchonga vyuma ikakata milimita 10 kwa 1. Shingo ya usukani ya leo ni 22.2 na bomba la Mfaransa linataka 22.0, ikapigwa msasa. Bomba la siti likatafutwa la 26.4 badala ya 27.2 ya Raleigh.

Kimoja usikipitie haraka. Kabla ya kuweka hela kwenye fremu yoyote ya zamani, pitisha kidole chini ya mabomba pale nyuma ya kichwa cha fremu. Ukisikia uvimbe au mkunjo, baiskeli ile iligonga kitu kwa mbele, achana nayo. Toa siti, mulika ndani, kutu hukaa chini kwenye shimo la krenki maji yanakotuama. Na usitumie shingo na usukani wa alumini wa miaka hamsini hata kama unang'aa. Baiskeli nyingi za Kifaransa zilikuja na shingo za AVA, ambazo wapenzi wa baiskeli za zamani wameziita shingo za kifo kwa sababu hupasuka pale penye mkato. Ya jamaa ilikuwa ndiyo hiyo. Chuma kinapinda kwanza ukakiona, alumini inakatika uko kwenye mteremko.

Alipoposti picha, sifa zikaja, na matusi pia. Mmoja, inaonekana mtu mzima, alimwandikia kwamba amebaka historia, PX-10 haifungwi gia za Shimano. Italia kuna tamasha la L'Eroica, lilianza 1997 Gaiole in Chianti, wanapita kwenye barabara za vumbi na baiskeli za kabla ya 1987 tu, gia kwenye bomba la chini, waya za breki nje. Safi sana, na natamani siku moja niwaone. Lakini hilo ni tamasha. Waliokimbia na hizi baiskeli hawakuwa wanazihifadhi, walikuwa wanatafuta ushindi, na kitu bora kikitoka leo kesho kimefungwa. Anayesema chuma cha zamani kibaki na gia za zamani anasimama pale aliposimama Desgrange kabla ya 1937.

Na kwa wale mlioandika kwamba fremu ya chuma haina mwendo, chukueni hii. Mwaka 1972 Merckx aliendesha kwa saa moja Mexico City, baiskeli ya chuma iliyotengenezwa na Ernesto Colnago, akafika kilomita 49.431. Mwaka 1996 Chris Boardman, kwa baiskeli na mkao wa kisasa wa kukata upepo, akafika 56.375. Wakubwa wa mchezo wakasema haya, jaribuni na baiskeli ya umbo la enzi za Merckx. Boardman huyohuyo mwaka 2000 akafika 49.441. Mita kumi tu zaidi baada ya miaka 28! Kilomita saba zilizopotea zilikuwa kwenye upepo, jinsi mwili unavyolala.

Jamaa sasa anaenda nayo kazini. Raleigh na Peugeot asubuhi wanapita pamoja, na kulia kwake kile kikombe cha Kifaransa huwa anakikaza kila mwisho wa mwezi.

Halafu kuna hili nawaachia. Fundi ameipenda kazi, ametoa fremu nyingine darini, haina stika, rangi imetoka yote. Amepima shimo la krenki: upana ni milimita 70, na pande zote mbili zinafungwa kwa thredi ya kawaida. Za Kiingereza na za Kifaransa huwa na upana wa 68. Kabla hatujanunua spea hata moja, nani anajua ni ya nchi gani? Tiririka kwenye koment.